Bariere Isiyomjua Chefu Wake

Benchi letu, hapa mbele ya kioski cha kuchaji simu, njia ya kwenda soko la Kasongo, ni nusu ya mtumbwi. Mtumbwi mzima ulizeekea Nyangwe, ukapasuka katikati. Nusu moja ikaliwa na mchwa, nusu nyingine ikaletwa hapa, ikageuzwa mgongo juu, nasi tukaikalia. Ukisimama bila kuaga, mwenzako wa upande wa pili anaanguka. Hiyo ndiyo katiba yetu, hatuna nyingine. Mama Olga anamimina kahawa ya tangawizi kutoka birika jeusi, na wenye benchi ni hawa: Dady, tunayemwita Bariere, kwa sababu aliwahi kushika kamba ya bariere, kile kizuizi cha barabarani, njia ya Kabambare, na mpaka leo hawezi kuona mtu anapita bila kumuuliza anatoka wapi, Cirhuza, tunayemwita Karati, mfanyabiashara wa dhahabu aliyekuja kutoka Bukavu akisema anapita tu, akasahau kurudi, na mimi, Mega, muuza mega za intaneti, ambaye shule ingekuwa na akili ingenifuata nyumbani kunirudisha. Alhamisi ile tulikuwa na wawili zaidi. Hervé, jina lake la benchi Enjinia, kompyuta juu ya magoti na jasho kwenye pua. Na Joël, fundi cherehani, ambaye kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi. Mtu wa Kasongo akiacha kahawa ipoe, ujue kuna msiba au kuna mwanamke. Kwa Joël alikuwa mwanamke.

— Enjinia, jaribu tena, Joël alisema.

— Nimejaribu.

— Jaribu tena, yaya, kaka yangu, nakuomba.

Hervé akabonyeza. Skrini nyeusi ikawaza, ikawaza, ikawaza mpaka Karati akamaliza kikombe. Kisha ikaandika mstari mmoja mfupi.

— Inasema nini?

— Inasema imechoka kungojea. Kule hakuna anayejibu. Hata hainikatalie, inanyamaza tu.

— Kunyamaza njo mubaya, Bariere akasema, na «njo» kwetu ni «ndiyo». — Mutu akikukatalia unamubembeleza. Mwenye kunyamaza utamubembelezea wapi?

Nieleze mimi upesi, maana Enjinia akieleza tutafika Pasaka. Kabambare kuna radio ndogo. Jioni, mtangazaji wake Soraya anasoma komunike: nani amefariki, nani anaoa, mbuzi wa nani amepotea. Komunike za watu wa Kasongo anazipokea Hervé, anaziingiza kwenye seva, yaani ile mashine isiyolala inayotunza mambo yote ya radio. Mashine iko Kabambare, yeye yuko hapa. Anaingia kwa mbali, kupitia sahani ya satelaiti, kwa kuandika mistari ya amri. Na Wamaza, kwao Darlène, mchumba wa Joël, simu haishiki hata ukipanda juu ya nyumba, lakini ile radio wanaisikia.

Sasa Jumamosi ukoo wa Joël ulipaswa kufika Wamaza na mahari ya Darlène. Jumatano baba mukubwa wa Joël, ndiye msemaji wa ukoo, akaanguka na pikipiki, mguu ukavunjika. Bila msemaji hakuna mahari, inabidi kusogeza siku. Na kwa wale watu wa Wamaza, ukikosa siku bila kutuma neno, umemkataa binti yao. Hawangoji maelezo. Tena kuna mchimbaji mmoja wa dhahabu anayezunguka nyumba ile kama inzi kwenye mapera. Neno lilipaswa kusomwa jioni ile ile, kwa sababu Ijumaa radio inapumzisha betri zake za jua.

Na asubuhi ile ile, Enjinia wetu alikuwa ameifunga seva, yeye akabaki nje.

— Lakini nani alikutuma kuifunga? Joël akauliza. Alikuwa ameuliza hivyo mara nyingi, lakini safari hii sauti ilipanda.

— Ni usalama! Niliangalia nani anagonga mulango. Watu wa inchi siijue hata jina, mchana na usiku, wanajaribu neno la siri. Moja anajaribu «admin». Mwingine anajaribu moja-mbili-tatu-ine-tano-sita.

— Na neno la siri la radio lilikuwa gani? nikauliza.

Enjinia akakohoa.

— Nimeshalibadilisha.

— Endelea.

— Njo nikaamua kuweka pare-feu. Ni kama bariere, unaiandikia sheria: huyu apite, huyu asipite. Mustari wa kwanza nikaandika *ufw default deny incoming*. Maana yake, kila mwenye anatoka inje, asipite.

— Vizuri kabisa, Bariere akaitikia. — Kamba ishuke kwanza. Kuongea ni nyuma.

— Njo vile nilifikiri. Mustari wa pili, *ufw enable*. Bariere ianze kazi.

— Na mustari wa kusema weye mwenyewe upite? Joël akauliza.

— *Ufw allow 22*. Hiyo ni namba ya mulango wenye naingiliaka.

— Uliandika?

— Ulikuwa wa tatu.

— Wa tatu, Joël akarudia polepole, kama mtu anayepima kitambaa na kukuta hakitoshi.

— Mimi ningeanza na huo, nikasema. — Mtoto mdogo anajua. Kabla ya kupiga msumari kwenye mlango, unaangalia uko upande gani.

— Nyamaza, Mega, weye hata «enable» hauwezi kuandika.

— Siwezi kuandika, lakini sijajifungia nje.

Bariere akaweka kikombe chini. Alionekana ameudhika kwa niaba ya kazi yake ya zamani.

— Mimi namutetea Enjinia. Kwa bariere yangu hakuna mutu aliandikaka «chefu apite». Chefu anapita! Akikuja usiku, namujua kwa kikohozi. Akikuja na kofia, namujua kwa tumbo. Sheria ni ya wengine.

— Asante, Dady! Hervé akaruka. — Mimi njo nimefunga ile kamba. Mikono yangu hii. Mashine isinijue?

Nikubali kwamba benchi nzima ilitikisa kichwa, na changu kikatikisika kidogo. Wapi umeona mkubwa aliyesimamisha bariere, kesho yake akainama kupita chini ya kamba? Lakini mashine haikuzaliwa huku. Haina heshima, haina shangazi, haimjui mtu kwa tumbo.

— Na haikukuonya? Karati akauliza.

— Iliniuliza. Kwa Kiingereza.

— Ilisema nini?

— Kitu kama… hii amri inaweza kuwakata wenye wako ndani, niendelee ao nisiendelee.

— Na weye ukajibu?

— Nikabonyeza *y*.

— *Y* ni nini?

— Ni endelea.

— Ulisoma lile swali, Enjinia?

— Karati, maswali ya mashine hakuna mutu anayasomaka!

Joël alitoa sauti ndogo, kama mpira wa baiskeli unaotoa upepo.

— Lakini musikie, Hervé akasema. — Haikunitoa! Dirisha lilibaki wazi, naandika, inajibu. Nikasema moyoni, mumeona? Inanijua.

— Sasa kwa nini haukuandika mustari wa tatu?

— Huyu Mega akaniita kahawa.

Wote wakanigeukia. Hata Mama Olga.

— Mimi nilisema uje unywe! Sikusema uzime kompyuta!

— Niliifunga ili betri isiishe. Nikanywa. Nikafungua tena, nikagonga. Kimya.

— Aaa, hiyo naijua, Bariere akasema, uso ukang'aa. — Kwa bariere yangu ilikuwa vile vile. Mwenye alishaingia hatumuulizi. Akitoka kukojoa na kurudi, ni mutu mupya.

— Ungelisema asubuhi!

— Asubuhi haukuniuliza.

Tangu hapo kila mtu akawa fundi. Karati alianza.

— Badilisha namba. Bibi yangu mwenye nilioa Bukavu aliniziba kwa simu, nikanunua kadi ingine, nikamupata siku ile ile.

— Na alisema nini?

— Aliniziba tena. Lakini nilimupata!

— Karati, haijaziba namba yangu. Imeziba dunia nzima.

— Basi tafuta namba yenye haiko ya dunia. Mvumilivu hula mbivu: usivumilie, bana, fanya haraka!

— Seva ina milango maelfu, nikasema mimi, maana kuna wakati mwenye akili lazima aingilie. — Wa ishirini na mbili umefungwa? Gonga wa themanini. Gonga mia nne arobaini na tatu.

— Nilifunga yote.

— Hata ile hatuijui?

— Hata ile mimi mwenyewe siijue.

— Basi izimwe, iwashwe. Kila kitu duniani kinapona kwa kuzimwa na kuwashwa.

— Ikiamka, pare-feu inaamka nayo. Njo kazi ya *enable*. Na nani ataizima?

— Si Soraya? Mpigie.

— Antene ya simu ya Kabambare iko chini tangu Jumanne, jenereta haina mafuta.

— Mwandikie basi kwa ile satelaiti ya radio, simu yake si inashika?

Enjinia akaangalia vidole vyake.

— Wifi ya simu niliikata mwezi uliopita. Walikuwa wanamaliza mega na video za ngoma.

Joël akafunga macho. Nilimhurumia, lakini nilihuzunika zaidi kwa zile mega. Kama zingeliwa, si mimi ningeuza zingine?

— Kila bariere ina njia ya nyuma, Bariere akasema kwa sauti ya chini, kama anatoa siri ya ukoo. — Mutumie sigara.

— Mashine?

— Basi yenye inakula. Inakula nini?

— Umeme.

— Muongezee umeme kidogo. Aone weye ni mutu muzuri.

— Hapana, Karati akakata, — sahani ya satelaiti iko juu, sivyo? Na bariere iko chini. Pita kwa juu, ushukie ndani kama mvua. Mvua nani anaifungiaka?

Hapo mimi nikaona wanacheza. Nikatoa wazo langu.

— Tuwaombe wale wezi. Wale wa moja-mbili-tatu-nne-tano-sita. Mchana na usiku wanagonga, wao ni watu wa kazi. Tuwaambie: jamani, mkiingia, tusaidieni na hii komunike ya Joël.

— Nao nimewafungia, Hervé akasema.

— Kwa hiyo, Joël akafungua macho, — mwizi haingie. Mwenye nyumba haingie. Nani anaingia?

— Hakuna mutu. Iko salama kabisa.

Naapa, aliposema hivyo alijivuna kidogo.

— Sasa niambie hii, Joël akaendelea, akiweka kahawa yake baridi chini. — Soraya ataona hakuna komunike. Yeye yuko ndani ya ile nyumba. Akikaa mbele ya mashine yenyewe, bariere inamuhusu?

— Hapana. Mwenye amekaa mbele yake haulizwe na bariere.

— Na si mutu mujinga, ulimufundisha. Hawezi kuandika ule mustari wa tatu?

— Angeweza.

— «Angeweza»?

Enjinia akavuta begi lake, akafungua zipu polepole. Akatoa klavye, ile kibodi ya kuandikia. Klavye nyeusi, waya wake umezungushwa vizuri, na herufi A imefutika kwa kazi.

— Seva haina lazima ya klavye, akasema, — mimi naingiaka kwa mbali. Niliibeba nilipotoka kule, watoto wasiichezee.

Mama Olga alishika kiuno.

— Baba, weye hata choo chako unakifunga na kumeza funguo?

— Tupeleke mutu na pikipiki, Joël akasema. — Basi. Mambo ya mashine yamenishinda. Mutu apande, apeleke neno Wamaza kwa mudomo.

— Wapi! Bariere akapunga mkono. — Njia imekufa. Mvua ya Jumatatu imebeba daraja. Mimi nilishika ile njia, naijua jiwe kwa jiwe.

— Nani alikuambia daraja limeenda?

— Watu.

— Watu gani? Walifika pale?

— Kama wangefika, si wangesema liko?

— Asiyekuwepo na lake halipo, Karati akamalizia. — Na daraja hatulioni hapa. Basi haliko.

— Nitaenda mwenyewe.

Heee! Hapo benchi lilipiga kelele mpaka watu wa kioski wakatoa vichwa. Bwana harusi ajipeleke? Bila msemaji, bila hata mjomba? Afike kwa wakwe peke yake kama mtu anayeuliza njia? Bariere alisema watamwagia maji ya kuoshea vyombo. Karati alisema kwao Bukavu mtu wa namna hiyo anaozwa mwiko wa ugali. Mimi nilisema atakuwa mbuzi aliyejifunga kamba mwenyewe akaenda kwa mchinjaji kuuliza bei. Nilisema vizuri, hata yeye alijua nimesema vizuri. Joël akakaa. Tukamfungia pale kwenye benchi, tukaagiza kahawa nyingine, na Hervé akajaribu tena.

Kimya.

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa soko pikipiki ilipokuja, nyekundu kwa matope mpaka huwezi kujua ilinunuliwa na rangi gani. Dereva alishuka kwanza, akafuata mama mmoja wa makamo, kikwembe kimefungwa juu ya magoti, viatu mkononi.

— Mama, nipe kahawa, akamwambia Mama Olga. — Ya moto sana.

Bariere hawezi kujizuia, ni ugonjwa.

— Mama, karibu. Unatoka wapi, unaenda wapi?

— Natoka Wamaza.

Vikombe vikasimama njiani.

— Lini? nikauliza.

— Asubuhi hii.

— Na daraja?

— Daraja liko. Mbao kadhaa zimeenda, dereva akasukuma, mimi nikapita kwa miguu. Kwa nini? Kuna mutu alisema limekufa?

Hakuna aliyemwangalia Bariere, lakini kila mtu alimwona.

— Namutafuta mushonaji moja, mama akaendelea akipuliza kahawa. — Jina lake Joël. Mimi ni Euphrasie, shangazi ya Darlène.

Joël alisimama bila kuaga. Mtumbwi ukainuka upande mmoja, Karati akaenda chini na kikombe chake, na hakuna aliyemwinua.

— Njo mimi, shangazi. Shikamoo.

— Marahaba, mukwe. Mama ya Darlène amenituma. Anauliza Jumamosi mutafika watu wangapi, ili ajue majani ya sombe ya kutwanga.

Joël akamweleza. Alieleza kila kitu, maskini, alidhani ukweli mwingi unasaidia. Mguu wa baba mukubwa. Komunike. Seva. Wezi wa ng'ambo. Kamba iliyoshuka kabla ya chefu kutajwa. *Y.* Kahawa. Antene, wifi, klavye, sigara ya mashine. Shangazi Euphrasie alisikiliza mpaka mwisho bila kukata, akinywa kidogo kidogo.

— Baba mukubwa alianguka jana?

— Jana, shangazi.

— Pole yake. Na nyinyi hapa mumekaa tangu wakati gani?

— Tangu asubuhi.

— Watu ine wote? Na ule mwenye iko chini?

— Wote watano.

Akaangalia pikipiki tatu zilizoegeshwa kando ya kioski, madereva wake wamelala juu ya tangi wakingoja mteja. Kisha akatuangalia sisi, mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayechagua nyanya.

— Mimi ni mwanamuke, nina miaka yangu, nimetoka Wamaza asubuhi, niko hapa. Basi neno lenu lilikosa nini kufika kule?

Enjinia alifunga kompyuta. Karati alijipangusa. Bariere aliinama kufunga kamba ya kiatu, na amevaa sandali. Mimi nikamnyooshea Mama Olga kikombe changu. Mama Olga aligeuza birika juu ya kikombe changu, likadondosha tangawizi tu.

— Kahawa imeisha, akasema. Nadhani alifurahi.

Shangazi akamrudishia kikombe.

— Panda, mukwe. Jua bado liko, tutalala njiani kwa dada yangu, kesho uko mbele ya wazee. Utasema yako mwenyewe.

— Lakini shangazi… bila musemaji, peke yangu…

— Peke yako wapi? Mwenye kuletwa na shangazi hajajileta.

Hilo nalo lilikuwa wazi hivyo, na sisi mchana kutwa hatukuliona. Joël akapanda nyuma ya dereva, shangazi akapanda nyuma ya Joël, viatu vyake mkononi. Nilimpa Joël kofia yangu. Mimi nina utani, lakini moyo ninao.

Dereva alikuwa ameshakanyaga kiki, Enjinia akaja mbio, kompyuta kwapani, anapiga kelele.

— Joël! Joël, ngojea! Kutoka Wamaza mutu wa kwenda Kabambare hakosekane! Amupe Soraya! Mustari moja tu, *ufw allow 22*! Moja tu!

Akamwekea klavye mapajani. Joël alikuwa na uso wa mtu aliyeombwa kubeba maiti na fagio pamoja. Shangazi Euphrasie akapitisha mkono chini ya kwapa lake, akaivuta ile klavye, akaigeuza, akaipangusa vumbi kwa kikwembe. Akabonyeza ile herufi iliyofutika, akasikiliza, akabonyeza tena. Kisha akageuka kwetu, uso mzito wa mtu anayepokea kwa niaba ya ukoo.

— Na hii nayo, akauliza, — ni ya mahari?